Karoti za Butembo

Mimi ni muuguzi hapa kituo cha afya cha Mapendo, Goma, na juzi nilijiaibisha mbele ya akina mama ninaowafundisha. Nilikuwa nawaeleza safari ya minyoo. Mayai hukaa kwenye udongo wenye kinyesi, huingia mdomoni na mboga zisizooshwa, kisha huanguliwa tumboni. Minyoo wachanga huchukuliwa na damu hadi mapafuni, hukoholewa, humezwa tena, na kurudi utumboni kutaga. Nikawaza kwamba hata mnyoo hurudi alikoanzia, ila mimi sijafika kwetu Butembo tangu njia ifungwe na vita.

Mara akaingia mfanyabiashara mmoja aliyetoka huko kwa njia ndefu ya kuzunguka, na mfuko mkononi. “Mama yako alisema nikupatie hii.”

Zilikuwa karoti za shamba letu, zina udongo mwekundu, udongo kweli, si haya mawe meusi ya volkano ya Goma. Nikanusa moja, nikamwona mama ameinama analima. Nikaing’ata vilevile bila kuiosha, nikatafuna nimefumba macho.

Nilipoyafumbua, akina mama wote walikuwa wananikodolea macho. Bibi mmoja aliinuka, akachukua kidonge cha minyoo kwenye meza yangu, akaniwekea kiganjani.

“Meza, munganga wetu. Ata udongo ya kwenu iko na mayai.”