Muuza Omena na Amplifaya ya Kanisa

Jumamosi nilikuwa nafagia kanisa letu hapa Kisumu Ndogo nikamkuta muuza omena, wale dagaa wa ziwani, ameifungua amplifaya yetu ya pekee, iliyokuwa imekufa. Huyu mama hakusomea umeme popote. Amejifunza kwa video za simu na kwa redio mbovu anazookota. Alikuwa amebadilisha diodi, kile kidude kinachopitisha stima upande mmoja tu, lakini kabla ya kuwasha akaunganisha balbu ya kawaida kati ya soketi na amplifaya.

Mzee wa kanisa akamsimamia, mikono kiunoni. "Mama, unatafuta sauti ama mwanga? Ukichoma hiyo kitu, kesho kanisa jirani na maspika yao watatuimbia mpaka tusahau sala zetu."

"Balbu ikiwaka sana, mzee, kuna shoti ndani. Stima itaishia kwa balbu, amplifaya haitaungua."

Akawasha. Balbu ikawaka mpaka tukafumba macho.

"Si nilisema!" mzee akapiga makofi.

Mama akachomoa waya, akainama, akacheka peke yake. "Diodi nimeiweka nyuma mbele." Akaigeuza, akailehemu, akawasha tena. Balbu ikawaka mara moja, ikafifia, na spika ikanguruma. Mzee akanyakua maiki kana kwamba kazi ilikuwa yake.

Nimeona wengi waliojifundisha kazi, wakajifundisha na kiburi. Huyu hana mwalimu wa kumwambia amekosea, basi amejiwekea njia ya kukosea bila kuunguza mali ya watu. Akipatikana mwanasiasa mmoja aliyejifunza hivyo, nitampigia kura bila kuguna.