Beseni la Machicha

Niliyoyaona nitayaandika, niliyoyasikia nitayataja mara moja tu. Kwamba uyoga wa miaka ile ya vita uliota juu ya makaburi, na kwamba aliyeula aliota ndoto za marehemu, hayo niliyasikia sokoni, na sokoni ndiko ninakoyaacha.

Niliyoyaona ni haya. Mke wangu aliugua homa ndefu, akabaki mifupa. Muuguzi alisema mbele yangu kwamba apewe chakula cha kujenga mwili. Nyama ilitushinda bei, samaki wa ziwani kutoka Kajaga alimtapisha, maharage vilevile. Uyoga pekee ndio uliokaa tumboni. Nami, mwalimu wa kilimo niliyestaafu, nilibakiwa na chupa moja ya mbegu yake: nyuzi nyeupe zilizooteshwa juu ya punje za mtama. Maabara iliyonipa ilikwisha kufungwa. Chupa hiyo ikiharibika, hapakuwa na nyingine.

Nilikatakata nyasi za mpunga zilizoletwa kwa baiskeli kutoka mashambani, nikaziloweka, nikazichemsha katika pipa. Zilipokuwa zikipoa akaja jirani yangu, mjane kutoka Uvira aliyeishi kwa kupika pombe ya mtama. Alibeba beseni lililojaa machicha, masalia ya mtama baada ya pombe kuchujwa.

"Muzee, nyasi tupu? Hata mbuzi atakucheka. Weka hii, uyoga ashibe."

"Asante, mama. Lakini konzi moja inatosha. Yakizidi yatapata joto."

"Konzi! Mi naleta beseni, we unaomba konzi? Basi nirudi nayo?"

Kwetu zawadi ya jirani hairudishwi mlangoni. Nilijua kipimo, nimekifundisha miaka mingi. Lakini nilikuwa nimechoka, hata kubishana kulinishinda, naye alisimama pale akitazama. Nikajaza nyasi katika mifuko minane ya plastiki, nikachanganya machicha mfuko kwa mfuko, na mbegu juu yake. Yaliisha katika mfuko wa sita. Miwili ya mwisho ikapata nyasi peke yake.

Siku ya nne nilishika mifuko ile sita: ilikuwa moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Baada ya juma moja ilikuwa na ukungu wa kijani na harufu ya uchachu. Nikaifukia uani. Jirani alikuja, akatazama shimo.

"Muzee, nimekuua."

"Hapana, mama. Mkono uliochanganya ni wangu."

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kuwasha moto wake, alikuja kunyunyiza maji katika chumba cha mifuko miwili iliyosalia. Sikumwomba. Mifuko hiyo ikawa myeupe kote, kisha uyoga ukachomoza kwenye matundu niliyoitoboa, mdogo kama vifungo vya shati.

Baadaye wako waliosema kwamba uyoga ule ndio uliomponya mke wangu. Wengine walisema ni maombi. Sina ushahidi wa lolote kati ya hayo. Ninaloweza kuliapia ni kwamba nilimwekea sahani, akala vipande vitano, hakutapika, na akaniambia kwamba chumvi haikutosha.