Firigisi ya Ojakol

Mtu wa kwanza kupigwa na binti yangu Amongin alikuwa baba yake, na aliyemshukuru ni mimi.

Alikuwa na miaka mitatu. Ilikuwa saa saba mchana, kuku alikuwa mezani, na mume wangu Ojakol alikuwa ameshanirushia kandambili moja kwa sababu ugali ulikuwa laini. Alikuwa ameinama kuvua ya pili. Mtoto akachomoa mwiko kwenye sufuria, ukiwa bado na ugali wa moto, akamchapa nao gotini. Ojakol aliruka, akagonga kichwa kwenye kizingiti cha juu, akakaa chini polepole kama mtu aliyekumbuka jambo. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikafanya kitu ambacho mwanamke wa kwetu hafanyi: nikaitoa firigisi kwenye sahani ya mwenye nyumba, nikampa mtoto.

Kwetu Wateso, na hata kwa majirani zetu Waluhya, firigisi ni ya baba. Mwanamke atamfuga kuku, atamchinjisha, atamnyonyoa na kumpika, lakini firigisi ataiona ikipita tu. Amongin aliitafuna taratibu huku akimtazama baba yake machoni.

Mwaka uliofuata Ojakol alivuka mpaka, akaenda kuishi Tororo na mwanamke anayeshona mapazia. Aliwaambia watu kwamba hawezi kukaa nyumba moja na wanawake wawili wanaompiga. Mimi sijawahi kumpiga. Miaka tisa nilipokea mimi tu, sikurudisha hata kofi moja, halafu nikaachwa kwa sifa ya kupiga. Mtu anaweza kusingiziwa mengi, lakini kusingiziwa jambo ambalo ungelifurahia kulifanya, hilo linauma zaidi.

Nilibaki hapa Malaba, nyuma ya foleni ya malori, na kazi yangu ya kupika ajon, pombe yetu ya wimbi, yaani ulezi, ile ambayo watu hukaa wakizunguka chungu kimoja na kila mtu na mrija wake mrefu. Sijisifu. Madereva wamenisifia njia nzima.

Nilibaki pia na Amongin. Kufikia miaka kumi na moja alikuwa ameshampiga kondoo dume wa jirani, mwalimu wa zamu, mvulana wa darasa la nane, na mhubiri mmoja aliyemwekea mkono kichwani bila kumuuliza. Shuleni waliniandikia barua. Siku hizo nilikuwa bado sijaingia darasa la watu wazima kanisani, kwa hiyo nilimpa yeye mwenyewe anisomee.

"Wanasema nimekuwa wa tatu," alisoma, "na kwamba unipikie chapati."

Nikapika. Kwamba barua ilinitaka nifike ofisini nililijua wiki mbili baadaye, tena kwa kuambiwa njiani.

Mambo yalianza kuharibika kabisa siku Emorut, kijana wa bodaboda, alipoegesha pikipiki yake juu ya kimea changu nilichokuwa nimeanika. Amongin alimpiga na mpini wa jembe. Emorut akaenda kwa Mzee Okwakol, mzee wetu wa nyumba kumi, akiwa ameshika mkono wake kama mtoto mchanga. Mzee akatoa uamuzi: mama apike chungu kimoja cha ajon, mtoto aliyepiga amshikishe aliyepigwa mrija kwa mkono wake mwenyewe, majirani wakae, na kesi iishie chunguni.

Uamuzi ulikuwa mzuri. Ubaya ulikuwa pombe yangu. Iliwapendeza mno.

Wiki iliyofuata Emorut alirudi. Alisimama mbele ya mlango wangu, hana abiria, hana shida.

"Amongin," alisema, "hata baba yako alikukimbia."

Alipigwa, akapiga mbio hadi kwa mzee akipaza sauti, "Nimepigwa! Nimepigwa!" Mtu angesikia kwa mbali angedhani amejaliwa mapacha.

"Umeumia wapi, Emorut?" nilimuuliza.

"Hapa, mama. Mkono huu."

"Asubuhi ulisema ni mguu."

"Maumivu yanatembea, mama. Wimbi limeiva?"

Kufikia Pasaka wanaume walikuwa wakipita mbele ya nyumba yangu polepole, mmoja mmoja, kama malori kwenye mizani. Mmoja angekohoa, mwingine angesema, "Masikio yale ni ya Ojakol kabisa," kisha angesubiri. Mwishowe akaja Mzee Okwakol mwenyewe. Alivua kofia, akaiweka kando isiumie.

"Mtoto," alisema, "wewe umefanana na baba yako."

Amongin alikuwa anafagia. "Na wewe mzee umefanana na nani?"

"Usiniulize maswali. Nimesema umefanana na baba yako."

Alipigwa fagio moja kwenye shavu la mguu. "Asante," akasema mzee, kisha akakumbuka, "Yaani, aii!" Na kwa kuwa aliyekuwa na kesi alikuwa ndiye hakimu, kesi hiyo ilitozwa vyungu viwili.

Ningeweza kuyakomesha haya. Ningeweza kusema sipiki tena. Fimbo ilikuwepo, imechomekwa kwenye paa, na kila mara niliiendea, lakini niliiendea kwa mwendo wa mtu anayekwenda kulipa kodi. Ukweli ni kwamba kila mwanaume aliyepigwa na mtoto wangu, kuna kitu ndani yangu kilikaa vizuri, kama mguu wa kiti uliokuwa ukiyumba ukawekewa kipande cha karatasi. Halafu usiku ule ule ningejiuliza ninalea mtu gani. Kuna siku nilimwogopa. Alikuwa akigeuka ghafla nikimwita, na mimi niliyemzaa nilikuwa narudi nyuma hatua moja.

Wifi yangu Akwii, dada yake Ojakol, alituma habari kutoka Angurai kwamba mtoto huyo ni wa ukoo wao, na kwamba akimuumiza mtu mmoja zaidi asiye na kosa, atakuja amchukue, akamnyooshe yeye. Nitasema jinsi nilivyohisi, hata kama ni aibu. Nilihisi kama mtu aliyebeba gunia mlimani akaambiwa, lete nikusaidie. Nilihisi wepesi mabegani. Nikamtazama Amongin akichekecha kimea, ulimi umetoka nje kidogo kwa bidii, na wepesi huo ukageuka ukanikaba.

Basi Jumamosi moja asubuhi akamsukuma Vivian.

Vivian ni mtoto wa jirani yangu Brendah, ana miaka sita, na ni mtoto ambaye husalimia hata bata. Alikuwa amesimama juu ya jiwe letu la kufulia akiimba. Amongin alimsukuma kwa mikono miwili. Vivian alirudishwa kutoka hospitali saa nane, mkono wa kulia umefungwa plasta kutoka vidole hadi kiwiko.

Safari hii niliifikia fimbo haraka.

"Alikukosea nini?"

"Hakuna."

"Alikuita mtoto wa Ojakol?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini?"

Alitazama miguu yake. "Wiki mbili hakuna aliyekuja. Emorut ameenda Budalang'i kwa wakwe zake, mzee ana homa. Nyumba imenyamaza. Watu wakija kunywa ndiyo unacheka, mama. Nilitaka waje."

Nilisimama na fimbo mkononi. Kama fimbo ni ya mwenye kosa, basi ilibidi nijikunje niufikie mgongo wangu mwenyewe. Niliirudisha kwenye paa.

Nilikwenda kwa Brendah, na kwa mazoea mabaya nikafungua mdomo na kusema nitapika chungu.

"Mama Amongin," alisema, "mimi nimeokoka. Mtoto wangu amevunjwa mkono, unaniletea pombe?"

"Ni desturi tu, dada."

"Desturi itamfunga vifungo vya sare? Itambebea mkoba? Itamlisha uji?" "Amongin aje. Kila asubuhi na kila jioni, mpaka plasta itoke. Na wewe uje naye, maana sikai na huyo mtoto wako peke yangu."

Nilikubali. Sikuwa na pa kukataa.

Jumapili baada ya ibada wanaume walifika. Hakuna aliyewaita, habari ya mtoto kuvunjika ilikuwa imewafikia, wakaelewa kwamba kuna chungu. Emorut alikuwa amerudi kutoka Budalang'i kwa haraka ya kutisha. Mzee Okwakol alikuwa amepona homa. Walikaa wakizunguka chungu changu, kila mtu na mrija wake, wakakichungulia. Kilikuwa kitupu, nimekiosha, nimekianika.

"Labda kinakuja kingine," alisema Emorut.

Aliyekuja ni wifi Akwii. Alishuka na begi tupu la kutia nguo za mtoto, akasimama katikati ya uwanja.

"Nimesikia," alisema. "Hata mtoto wa miaka sita! Huyu nani alimfundisha kupiga watu?"

Wanaume waliangalia mirija yao.

"Amezaliwa hivyo," alisema Emorut. "Hutokea."

Nilikuwa nimechoka kubeba. "Ni mimi," nilisema. "Alipompiga baba yake nilicheka, kisha nikampa firigisi."

Hata kuku uwanjani walisimama.

"Ulimpa nini?" aliuliza Akwii.

"Firigisi."

"Ya kaka yangu?"

"Ya kaka yako."

"Na yeye yuko hapo, anaona?"

"Alikuwa chini, wifi, lakini anaona."

Akwii aliliacha begi likaanguka. "Mkono wa mtoto utapona," alisema kwa sauti ndogo. "Mkono hupona. Lakini firigisi!"

"Kwani Ojakol alikula nini?" aliuliza Emorut.

"Shingo," nilisema.

Emorut alipiga mluzi. Mzee Okwakol alivaa kofia yake, na nikaona uso wake ukichangamka kama wa mtu aliyeona moshi wa jikoni.

"Basi kosa si la mtoto," alisema. "Kosa ni la mama, na ni kubwa. Faini yake ni chungu kimoja."

"Viwili," alisema Emorut. "Firigisi, mzee."

"Hakuna chungu," nilisema. "Aliyeumia ni Vivian, na Vivian hanywi. Nyinyi mmekuja hapa tangu Pasaka kuomba kupigwa, na mimi nikawapikia. Chukueni mirija yenu."

Hakuna aliyeinuka.

"Nami nitamchukua mtoto," alisema Akwii, akaliokota begi. "Yuko wapi? Umeshindwa, mama Amongin, sema tu umeshindwa."

Mdomo wangu ulifunguka, na naapa sikujua ungesema nini. Sehemu moja yangu ilikuwa tayari inakunja nguo zake. Wakati huo Amongin alitokea mlangoni kwa Brendah, amemshika Vivian begani, na gauni la Vivian la kanisani limekaa upande.

"Mama," aliita, "hivi vifungo vya mgongoni vinaanzia juu au chini?"

"Juu," nilisema.

"Nilianzia chini."

"Fungua, anza upya."

Alipiga magoti nyuma ya yule mtoto, akaanza upya, ulimi nje. Vivian alikuwa anaimba wimbo ule ule wa jiwe la kufulia.

"Wifi," nilimwambia Akwii, "plasta inatoka baada ya wiki sita. Huyo hana nafasi ya kusafiri."

"Na baada ya wiki sita?"

"Njoo. Nitakuchinjia kuku, tuongee."

Aliwatazama wale watoto kwa muda mrefu, kisha akalikunja begi lake. "Na firigisi ya huyo kuku nitaitazama kwa macho yangu," alisema.

Katika wiki hizo sita nilikwenda kwa Brendah asubuhi na jioni, nikakaa kwenye kigoda huku mwanangu akimlisha Vivian uji kijiko kwa kijiko. Siku ya kwanza Brendah alificha mwiko. Wiki ya tatu aliuacha mezani. Amongin alimpiga mtu mmoja tu katika wakati huo wote, Emorut, aliyegonga plasta ya Vivian kwa kidole kuona kama inalia, na nilisikia kile kitu ndani yangu kikikaa vizuri tena. Sijapona. Lakini sikupika.

Akwii alikuja siku niliyoahidi. Nilipika kuku, na mbele ya macho yake nikaiweka firigisi kwenye kisahani, nikampa Amongin. "Mpelekee Vivian," nilisema. Mtoto aliitazama. Alitoka mlangoni akitembea polepole, kisahani kiko chini kabisa ya pua yake. Ukuta wetu ulimficha kwa muda kidogo, na mimi na Akwii tukasubiri bila kula.

Kisha sauti ya Brendah ikavuka ukuta.

"Mama Amongin! Vivian anasema asante kwa nusu ya firigisi!"

Akwii alinitazama. "Nusu," alisema. "Huyo si baba yake. Ojakol hakuwahi kumwachia mtu hata harufu." Begi lake hakulileta safari hiyo, ndipo kwanza nilipoona.

Amongin aliingia, mdomo umefungwa, macho kwenye dari. Nilipaswa kumgombeza. Nilicheka, lakini safari hii niligeukia ukutani kwanza.