Nilipokanyaga Breki Msibani

Jumanne iliyopita tulimzika baba yangu kule Songambele. Mimi ndiye mwanawe mkubwa, na nilitakiwa kumuaga kwa niaba ya watoto wote.

Nilifika asubuhi na lori la saruji, baada ya kuendesha usiku kucha kutoka Mwanza. Ninachofukuzia usingizi ni kahawa kavu ya nyumbani, natafuna punje moja moja. Mama aliponiuliza kama nilipumzika njiani, nilimjibu mbele ya waombolezaji, "Dereva mzoefu hasinzii, mama."

Niliketi na wazee karibu na jeneza. Katekista alipoanza kusali, nikalala. Nikaota lori linateremka mlima peke yake. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote, benchi likapinduka na wazee watatu, nami napiga kelele, "Breki zimekataa!"

"Zima gari, mwanangu, umeshafika," alisema shangazi. Vijana wakacheka wakiziba midomo.

Mama hakucheka. Aliniuliza polepole, "Na usiku barabarani, ulilala hivi?"

"Mara mbili, mama."

Akanyoosha mkono. Nikampa funguo za lori, na mdogo wangu akasimama kumuaga baba.