Uwanjani Mimi Si Mama Yako

Nilichezesha mpira wa watoto wa shule za msingi Babati miaka ile mkoa wetu ungali mpya, maofisa wanahamia kila wiki na watoto wao. Nilikuwa mwalimu, mwanamke pekee mwenye filimbi, na sikucheka na mzazi yeyote. Mtoto akiumia nilipuliza, nikapiga goti kando yake, nikamuuliza anaumia wapi. Mzazi akivuka mstari, mchezo unasimama mpaka arudi. Baba mmoja wa ofisini, mtu mzima na tai yake, aliwahi kuniita katili kwa sababu nilimzuia kumvuta mwanawe mkono uliotenguka. Nilimwambia, "Shikamoo baba, lakini rudi kwenye mstari."

Shida ilianza mwanangu alipoingia timu ya Maisaka, ana miaka kumi na mmoja. Asubuhi ya mechi ya kwanza, dhidi ya watoto wa Sigino, nilimwonya mlangoni: "Uwanjani mimi si mama yako. Niite mwalimu, kama wenzako." Akakubali. Mtoto msikivu yule, na mpaka leo usikivu wake unaniuma.

Katika mechi hiyo alikwatuliwa mbele ya goli, nikatoa penalti. Ilikuwa penalti halali, hata muuza karanga aliiona. Lakini wiki nzima nilisimangwa. Mama mmoja muuza samaki sokoni, ambaye mwanawe ndiye kipa aliyefungwa, alinipimia perege huku akipaza sauti: "Leo nakuongezea mmoja, madamu. Nakubeba kama unavyombeba mwanao!" Meza zote zikaangua kicheko. Nilichukua samaki wangu nikaondoka nimevimba kwa hasira, nikaapa kwamba watu wale hawatanicheka tena.

Jumamosi iliyofuata timu zilirudiana. Kipindi cha pili mwanangu aligongana na beki mmoja mkubwa, akaanguka, akashika mguu chini ya goti. Nilikuwa hatua tano tu kutoka pale, filimbi mdomoni. Ndipo nikamsikia yule mama wa samaki kutoka mstarini: "Haya madamu, kimbilia mwanao!" Na kicheko kilekile.

Sikupuliza.

"Mwalimu," mwanangu akaita. "Mwalimu, mguu."

Hata pale, na machozi yale, alikumbuka nilichomwambia mlangoni.

"Inuka, acha kudeka," nikamwambia kwa sauti, ili wasikie. "Mchezo unaendelea."

Akainuka. Jamani, yule mtoto aliinuka! Alikimbia labda hatua sita kuufuata mpira, kisha mguu ukakunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Safari hii hakuna aliyecheka. Yule mama wa samaki alijifunika mdomo kwa khanga, na mimi nilimchukia kuliko mtu yeyote niliyewahi kumchukia, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujichukia mwenyewe.

Yule baba wa tai ndiye aliyetupakia kwenye gari lake mpaka hospitali. Hakunilaumu kwa neno hata moja. Afadhali angenitukana.

Daktari alikuwa kijana, mgeni mjini, hanijui. Alitazama picha ya mguu, akasema inaelekea mwanzoni mfupa ulipata ufa tu, na kilichouvunja ni kukimbia. "Nani alimwacha aendelee kucheza?" akauliza.

"Refa," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Watu wengine hawana utu kabisa. Pole sana, mama."

"Asante," nikajibu. Asante! Na filimbi nilikuwa nimeshaisukumia ndani ya blauzi.

Mwanangu alikuwa amesikia yote. Aligeuzia uso ukutani. Daktari alipotoka, nikamgusa bega.

"Mwanangu," nikamwita.

"Naam, mwalimu."