Pua ya Mfalme

Sonara wa mtaa wa Hamriya alikuwa ameroweka bangili za fedha kwenye ukwaju, na harufu ile haikuniacha nitulie kitini kando ya dada yangu. Nilikuwa mtoto tena, nasugua kwa ukwaju na mchanga sarafu ya dhahabu ya bibi, ya ufalme wa zamani wa Kijerumani, ili ing'are kwa Idi. Pua ya mfalme aliyechorwa juu yake ikafutika.

"Nani kaniharibia?" bibi alifoka.

Nikamnyooshea kidole dada. Akachapwa yeye.

Sasa sonara aliigeuza sarafu ile ile chini ya lenzi. "Mzee wangu, hii ilikuwa ya majaribio, zilitengenezwa chache mno. Ingekuwa na pua yake, ingekuwa mali. Nani kaisugua?"

Nikazungusha bakora yangu.

"Mwambie, bwana," dada akasema. "Mimi nishapigwa."