Mlango Mdogo wa Karatasi

Bado naiona ile siku, mwanangu, na jua lake la kiangazi lililokuwa limetulia juu ya mabati ya mtaa wa Kamalondo, mji wetu huu wa Lubumbashi. Nilikuwa msichana wa shule, nimeketi kwenye mkeka katika baraza ya mama mukubwa, mkasi mkononi, karatasi ya krepe nyekundu, ile yenye mikunjo, imenizunguka miguuni. Nilikuwa natengeneza waridi. Lilikuwa kubwa kuliko ua lolote nililowahi kutengeneza, na nilikuwa najipenda kwa ajili yake. Kumbe ua lile ndilo lingenipatia karipio ambalo limenifunza kazi hii kuliko masomo yote.

Wewe umenijia hapa kwangu, mtaa wa Annexe, na boksi la picha za harusi ya wazazi wako, unataka nikuonyeshe namna ya kupamba albamu. Vizuri. Weka boksi hapo, sogea mbali na moshi wa brazero, hili jiko langu la makaa. Nitakufundisha kukata na kukunja, lakini hili la leo halina mkasi ndani yake. Sikiliza kwanza.

Mama mukubwa aliitwa Yowana. Alikuwa dada mkubwa wa mama yetu, na mama alipofariki alituchukua sisi wawili, dada yangu mkubwa, yaya Astrid, na mimi, akatulea kama watoto wa tumbo lake. Alikuwa mshonaji, lakini mtaani walimjua zaidi kwa karatasi. Taji za komunyo ya kwanza, maua ya altare kanisani wakati wa Noeli, albamu za maarusi, vyote vilitoka mikononi mwake. Na vitu vyenyewe vilikuwa vya kuokota tu. Kurasa alizikata kwenye mifuko ya karatasi ya kaki, akazipaka chai nzito zikapata rangi ya asali. Kingo za kurasa alizikata kwa ule mkasi wake wa meno wa kushonea. Vikonyo vya maua alivitengeneza kwa waya mwembamba wa shaba uliotolewa ndani ya mota zilizokufa, maana katika mji huu wetu shaba haikosekani. Pembeni alibandika vipande vya kitenge vilivyobaki kwenye nguo za wateja, kwa hiyo mtu akifungua albamu yake anaiona tena ile nguo aliyoivaa siku hiyo.

Gundi aliipika mwenyewe kwa unga wa muhogo. Ikiwa nyepesi mno, karatasi inajikunja kama uso wa mzee. Ikiwa nzito mno, inaacha mabonge. Nilichoma sufuria nyingi kabla sijaijua. Krepe nayo ina siri yake: unaivuta katikati kwa vidole gumba, polepole, mpaka inakuwa kama kijiko kidogo, halafu unazungusha ukingo kwenye upande butu wa kisu. Hapo karatasi inaanza kuwa petali. Lakini nilikwambia hayo ni ya baadaye, nami nimeanza tayari. Mzee akishika anachokipenda, mdomo unamkimbia.

Sasa, yaya Astrid alikuwa anaolewa. Albamu ile ilikuwa ya kuonyesha maisha yake tangu utoto mpaka siku ya harusi; ingepitishwa kwa wageni kwenye sherehe, na kurasa za mwisho zilibaki wazi zikisubiri picha za kanisani. Mama mukubwa alinipa kazi hiyo mimi. Ilikuwa albamu yangu ya kwanza peke yangu. Fikiria furaha yangu.

Shida ilikuwa picha moja.

Ilikuwa picha pekee ya wazazi wetu wakiwa pamoja, iliyopigwa studio, pazia lenye maporomoko ya maji limechorwa nyuma yao. Mama amevaa kitenge chake kizuri, amesimama. Papa ameketi kwenye kiti, amevaa koti ambalo kwa kweli si lake, mikono imezidi. Mapajani mwake yuko Astrid, mtoto mchanga, mdomo wazi, analia.

Papa alikuwa mtu wa reli. Kazi ilimpeleka kaskazini, Kabalo, tulipokuwa bado wadogo, na sisi tukabaki Lubumbashi na mama. Alikuwa akituletea samaki wakavu kupitia watu wa treni, na yeye mwenyewe alikuja mara chache. Mama alipougua, habari zilimfikia kwa kuchelewa. Mama alipofariki, treni hazikuwa zikitembea. Papa alifika tukiwa tumeshamzika. Yaya Astrid, aliyekuwa amemuuguza mama kwa mikono yake, alimtazama akiingia uani na mfuko wake mgongoni, akageuka, akaingia ndani. Tangu siku ile hakumwita papa tena. Alimwita "ule muntu wa Kabalo."

Kwa harusi alikubali papa aalikwe, kwa sababu mama mukubwa alisema hakuna mtoto wa nyumba ile atakayeolewa kama yatima huku baba yake anapumua. Lakini kwenye albamu alikataa.

"Kata ule," aliniambia, akinipa ile picha. "Bakisha mama na miye."

Nilichukua mkasi. Nikaangalia. Mkono wa papa ulikuwa umeshika mguu wa mtoto, vidole vimefunika goti lote. Ukimkata papa, unamkata Astrid mguu. Nilimwonyesha.

"Basi mufunike," akasema. "Weye njo unajua maua. Weka ua kwa uso wake."

Nami, mwanangu, nilifurahi! Sikufikiria papa wala yaya. Nilifikiria ua. Nilishaona kichwani mwangu waridi limesimama juu ya ukurasa, wageni wanasema eh, nani ametengeneza hii? Ndiyo maana ungenikuta, kama ungepita pale Kamalondo siku ile, nimeketi kwenye mkeka nacheka peke yangu.

Mama mukubwa alitoka ndani akifuta mikono kwenye kitenge. Alisimama nyuma yangu kitambo. Waridi lilikuwa limekwisha, nalijaribisha tu mahali pake kabla ya kupaka gundi. Aliinama akalichukua, akaligeuza huku na huku.

"Iko muzuri sana," alisema. "Petali yake iko muzuri kupita yangu."

Nikatabasamu.

"Na inafanya kazi gani hapa?"

"Kupamba, mama mukubwa."

"Kupamba nani?"

Akaketi karibu nami kwenye mkeka, polepole, kwa sababu ya magoti yake.

"Georgette, ua tunawekaka ili bantu batazame kintu kwa furaha. Weye unaweka ili basitazame. Ile haiko ua. Ile ni kitambaa ya kufunika maiti. Na papa yako hajafa."

Nilisema ni yaya Astrid aliyetaka. Nilisema albamu ni ya kwake. Nilisema yote ambayo mtoto husema.

"Albamu ni ya kwake, kweli," akasema. "Asira ni ya kwake. Lakini mikono ni ya kwako. Kesho asira yake itaisha, na gundi yako itakuwa ingali. Yaya yako akibandua ua, atabandua na uso wa papa yake. Ulifikiria ile?"

Sikuwa nimefikiria. Niliangalia gundi ndani ya sufuria, nikaisogeza mbali na picha. Alikuwa anasema kweli kabisa: gundi ya muhogo ikikauka juu ya picha, haitoki bila kuchukua kitu.

Nilidhani ataniamuru nimwache papa wazi. Hakufanya hivyo. Alimwita yaya Astrid, akamwuliza mbele yangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamwuliza vipimo vya nguo.

"Hautaki kumuona?"

"Sitaki."

"Leo hautaki, ao hautataka kabisa, mpaka siku watoto yako batauliza kambo yabo, papa yako, alikuwa namna gani?"

Yaya alivunjavunja kijiti cha kiberiti. Mwishowe akasema, "Leo sitaki."

"Aya. Ya leo tunaiweza."

Mama mukubwa akanionyesha jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alichukua karatasi ngumu, akaikunja mara moja, akakata mlango mdogo wa kutosha kufunika kichwa na mabega ya papa. Upande mmoja tu wa mlango ndio ulipakwa gundi, na gundi yenyewe ikawekwa kwenye ukurasa, mbali na picha. Picha haikuguswa hata kidogo. Ilishikwa kwenye pembe zake nne na vipembetatu vya karatasi, unaweza kuichomoa wakati wowote. Kwa kufungia, nilisokota kipande cha waya wa shaba kikawa kindoano. Waridi langu halikupotea: tulilipunguza petali, likawa dogo na la heshima, tukalibandika juu ya mlango. Ukitazama ukurasa ulimwona mama, ulimwona mtoto analia, na kando yao mlango wenye ua. Mkono wa papa kwenye goti la mtoto tuliuacha nje. Mlango usingeweza kuufunika bila kumfunika mtoto.

Yaya alipouona alisema, "Miye sitafungula."

"Haina shida," mama mukubwa akamjibu. "Mulango haina haraka."

Papa alifika siku moja kabla ya harusi, na vumbi la safari yote hiyo kichwani. Alikuwa amezeeka. Alileta kapu la samaki wakavu na kuku mmoja aliyesafiri vizuri kuliko yeye. Yaya alimsalimia kwa mkono, kama unavyosalimia mkubwa wa ofisi. Kanisani papa alitembea naye mpaka altare kwa sababu ndiyo desturi, na nilikuwa nyuma yao. Walitembea kama watu wawili wanaobeba meza.

Kwenye sherehe, chini ya maturubai uani, albamu ilianza kuzunguka. Nilikuwa naifuata kwa macho kama mama anayefuata mtoto sokoni. Wanawake walishangaa kingo za kitenge, walishika petali, wakaniita nije wanione. Ukurasa ule wengine waliupita, wengine waliuliza huu mlango wa nini, hakuna aliyewajibu, na adabu iliwazuia kufungua. Mwishowe albamu ilimfikia papa.

Alikuwa ameketi pembeni, kofia juu ya goti. Alifungua taratibu, ukurasa kwa ukurasa, vidole vyake vikubwa vikiogopa karatasi. Nilimwona amefika kwenye ule ukurasa. Alimtazama mama kwa muda mrefu. Halafu aliona mkono wake mwenyewe. Alijua, mwanangu. Mtu anaujua mkono wake. Alielewa aliyeko nyuma ya ule mlango na sababu ya kufungiwa, na hakugusa kindoano. Alitaka tu kugeuza ukurasa.

Yaya Astrid alikuwa amesimama karibu, akipokea pongezi. Alimwona. Sijui alifikiria nini, hakuwahi kuniambia. Aliacha maneno ya watu katikati, akaja na gauni lake refu, akainama, akatoa kindoano kwa ukucha, akafungua.

Papa alijitazama, kijana ndani ya koti la kuazima. Nikamsikia akisema, "Ulikuwa unalia sana ile siku. Mupiga foto alitaka kutufukuza. Nilikukamata muguu ili usianguke, na weye ukanikojolea. Koti haikukuwa ya kwangu."

Yaya alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kikubwa, kile cha mama yetu, na watu wakageuka. Alipomaliza kucheka machozi yalikuwa yanamtiririka na poda yote imeharibika.

"Ulichelewa, papa," akasema.

"Nilichelewa," akajibu. "Nilitembea kwa muguu kufwata reli, mpaka nikapata kamyo ya kunibeba. Ulikuwa na haki ya kukasirika."

Hakusema zaidi. Yaya akaketi karibu naye, gauni jeupe juu ya vumbi, na wakamaliza kurasa zilizobaki pamoja. Sikudanganyi kwamba yote yalipona saa ile. Kuna maneno waliyoyasema baadaye, mengine makali. Lakini papa hakuondoka kesho yake kama alivyopanga, alibaki hata kuku wake akataga. Na mtoto wa kwanza wa yaya alipozaliwa, papa alikuja kumbeba, na safari ile alifika kwa wakati.

Basi, mwanangu, hili ndilo ninalotaka uondoke nalo. Kupamba si kuonyesha ujuzi wako. Ujuzi utakuja, vidole vyako ni vyepesi, naviona. Ukishika picha ya watu, jiulize kwanza ua lako linamsaidia nani kutazama nini. Usipake gundi juu ya uso wa mtu, hata ukiombwa na mwenye picha, hata kama anayo haki ya kukasirika. Mtafutie njia ambayo kesho ataweza kurudi nyuma bila kurarua kitu. Na si katika karatasi tu. Utaolewa, utagombana na mume, na mawifi, na watoto wako watakuumiza. Kasirika ukipaswa. Funga ikibidi. Lakini funga kwa kitu kinachofunguka, na usimharakishe mwenzako ambaye bado hajataka kufungua. Mama mukubwa hakumharakisha yaya, na ndiyo maana yaya alifungua mwenyewe.

Mungu akupe mikono myepesi na macho ya kuona watu kabla ya maua. Akulindie wazazi wako, wazeeke wakicheka. Nyumba utakayoijenga isikose kelele za watoto wala nafasi ya mgeni aliyechelewa. Na kazi yako ipendwe hata na wasiojua jina lako. Amina. Haya, lete boksi.